Jerry Rawlings si siku 112 tu

Kila afisa kijana anapotokea kwenye televisheni ya taifa huko Afrika Magharibi na kutangaza kwamba jeshi limeshika nchi, jina la Jerry John Rawlings wa Ghana hurudi mitandaoni. Ilikuwa hivyo Bamako mwaka 2020, Conakry mwaka 2021, na ikazidi Ouagadougou tarehe 30 Septemba 2022, Kapteni Ibrahim Traoré alipoingia madarakani akiwa na miaka 34. Picha inayozungushwa ni ya kijana mwenye ndevu na sare za kijeshi, na maneno chini yake hayabadiliki sana: nasi tunamhitaji Rawlings wetu. Nimeyasoma kwa Kiswahili mara nyingi. Siwezi kuyapuuza, kwa sababu anayeyaandika kwa kawaida ni kijana mwenye hasira ya haki: amesoma, hana kazi, na anaona wezi wa mali ya umma wakipita na misafara ya magari huku yeye akisogezwa pembeni mwa barabara.

Ninachobishana naye ni kwamba Rawlings anayemtaja ni wa siku 112, kuanzia tarehe 4 Juni hadi 24 Septemba 1979, alipotawala mara ya kwanza. Mtu huyu aliishi miaka 73 na kuiongoza Ghana kwa karibu miaka 20. Siku zile 112 ndizo zilizompa jina, na ndizo zilizoisaidia Ghana kidogo kuliko zote. Mambo ambayo Mghana wa leo anaweza kumshukuru yalikuja baadaye, yakaja polepole, na mengi yalikuwa kinyume kabisa cha yale aliyoyafanya akiwa na miaka 31 na bunduki begani.

Alizaliwa Accra tarehe 22 Juni 1947. Mama yake, Victoria Agbotui, alikuwa wa kabila la Waewe kutoka Dzelukope, karibu na mji wa pwani wa Keta. Baba yake, James Ramsey John, alikuwa mkemia Mskoti ambaye hakumlea. Mama ndiye aliyehangaika hadi mtoto akaingia Achimota, shule iliyosomesha viongozi wengi wa Ghana, na Agosti 1967 kijana akajiunga na jeshi la anga.

Ukiitazama tarehe hiyo utaelewa alikulia katika jeshi la namna gani. Miezi 18 tu ilikuwa imepita tangu maafisa wa jeshi na polisi wampindue Kwame Nkrumah tarehe 24 Februari 1966. Aprili 1967 mmoja wa viongozi wa mapinduzi hayo, Emmanuel Kotoka, aliuawa katika jaribio jingine la mapinduzi lililoongozwa na maluteni. Kwa hiyo kadeti Rawlings hakuingia katika jeshi lililojua mipaka yake. Aliingia katika jeshi ambalo mkubwa alikuwa amemwonyesha mdogo kwamba Ikulu inaingilika.

Jeshi la anga lenyewe lilikuwa changa. Lilianzishwa mwaka 1959 kwa msaada wa wakufunzi kutoka India na Israel, na makao yake makubwa ya mafunzo yakawa Takoradi, kwenye uwanja ambao Waingereza waliutumia katika Vita vya Pili vya Dunia kupeleka ndege za kivita Misri. Huko Rawlings aling'ara. Januari 1969 alihitimu akiwa kadeti bora wa kozi yake katika urubani, kisha akawa rubani wa ndege za jeti, Aermacchi MB-326 zilizonunuliwa Italia. Kufikia Aprili 1978 alikuwa na cheo cha Luteni wa Anga, ambacho ni sawa na kapteni katika jeshi la nchi kavu.

Kazi ya rubani inaeleza mengi kuhusu tabia yake ya baadaye, uzuri wake na ubaya wake. Kabla ya kuruka, rubani huizunguka ndege kwa miguu. Hugusa matairi, hutazama kama kuna mafuta yanayovuja chini ya bawa, husogeza usukani na kuangalia kama mabawa madogo ya nyuma yanaitikia. Husoma kitabu cha mafundi, ambamo kila hitilafu imeandikwa na kila tengenezo limetiwa saini na fundi aliyelifanya. Fundi akitia saini kazi asiyoifanya, mtu hufa. Mtu aliyezoea maisha ya namna hiyo hupata shida kuvumilia nchi inayoendeshwa kwa saini za uongo. Ila kuna upande wa pili. Ndani ya jeti ya kivita rubani huamua peke yake, kwa sekunde, na hakuna wa kumpinga. Ukiichukua tabia hiyo ukaipeleka mahakamani au sokoni, unaleta balaa.

Na nchi kweli ilikuwa ya saini za uongo. Jenerali Ignatius Acheampong alichukua madaraka Januari 1972 akishangiliwa, na kufikia mwaka 1977 mfumuko wa bei ulikuwa umevuka asilimia 100. Kiwango rasmi cha kubadilisha fedha kiliganda huku sarafu ya sedi ikipoteza thamani mitaani, kwa hiyo aliyepata kibali cha kuagiza bidhaa kwa bei ya serikali alitajirika kwa siku moja bila kuuza chochote zaidi ya kibali chenyewe. Vibali vilitolewa kwa wakubwa, kwa jamaa zao na kwa marafiki zao wa kike. Waghana waliuita ulanguzi huo kalabule. Wakulima wa kakao, zao lililoilisha nchi, walilipwa bei ndogo kiasi kwamba wengi waliyavusha magunia kwa magendo hadi Togo na Ivory Coast. Katikati ya miaka ya 1960 Ghana ilikuwa imevuna zaidi ya tani 550,000 za kakao kwa msimu. Kufikia msimu wa 1983/84 zilibaki takriban tani 160,000.

Katika kambi, wanajeshi wa vyeo vya chini waliyaona haya kwa karibu kuliko raia. Walikuwa wakitukanwa mitaani kwa sababu ya sare zao, hali wao wenyewe hawakuwa na sabuni. Julai 1978 majenerali walimwondoa Acheampong na kumweka Jenerali Fred Akuffo, wakaahidi uchaguzi tarehe 18 Juni 1979. Askari wadogo wakaona mchezo: wakubwa wataondoka na mali, raia watachukua serikali, na lawama yote itabaki kambini.

Tarehe 15 Mei 1979, Rawlings na wenzake wachache walijaribu kuasi wakashindwa. Kilichofuata ndicho kilichomgeuza kutoka mwasi kuwa shujaa. Serikali ilimpeleka mbele ya mahakama ya kijeshi tarehe 28 Mei, kesi ikasikilizwa hadharani, na mwendesha mashtaka alipoeleza kilichomsukuma mshtakiwa, chumba kikaanza kupiga makofi. Maneno ya upande wa mashtaka yalimnadi mshtakiwa kuliko wakili yeyote. Rawlings naye alisema askari wake waachwe, kosa ni lake. Fikiria askari wa kawaida aliyezoea kuona jenerali akimsukumia mdogo lawama, sasa anamsikia afisa akisema adhabu ije kwangu. Magazeti yaliyachapa hayo, na ndani ya wiki moja hapakuwa na kambi Ghana isiyomjua.

Alfajiri ya tarehe 4 Juni askari walivunja gereza wakamtoa. Mkuu wa jeshi la nchi kavu, Meja Jenerali Neville Odartey-Wellington, alikaribia kuyazima maasi kabla ya kuuawa katika mapigano. Kufikia jioni nchi ilikuwa mikononi mwa baraza lililoongozwa na rubani ambaye asubuhi alikuwa mfungwa.

Hapa ndipo siku 112 zinapoanza, na naomba msomaji anayetamani Rawlings wake azitazame bila kuharakisha. Tarehe 16 Juni, Acheampong na mkuu wa walinzi wa mpaka, Meja Jenerali Utuka, walifungwa kwenye milingoti katika uwanja wa shabaha wa Teshie, kando ya bahari, wakapigwa risasi mbele ya umati. Siku mbili baadaye Waghana walipiga kura ileile iliyokuwa imepangwa tangu awali. Tarehe 22 Juni Rawlings alitimiza miaka 32. Tarehe 26 Juni wakauawa wengine sita, wakiwemo wakuu wa zamani wa nchi Akwasi Afrifa na Fred Akuffo, na Air Vice-Marshal George Yaw Boakye, ambaye alikuwa mkuu wa jeshi la anga ambalo Rawlings alilitumikia. Hapakuwa na kesi ya hadhara wala rufaa. Hilo linaniumiza kuliko yote katika habari hii, kwa sababu majuma machache kabla, Rawlings mwenyewe alikuwa amepewa kile alichowanyima wao: mahakama ya wazi, nafasi ya kusema, na watu wa kumsikiliza.

Watetezi wake husema alilazimika, kwamba askari wa chini walitaka damu na kama asingewapa hao wanane wangeua mamia ya maafisa. Yeye mwenyewe alilisema hilo miaka mingi baadaye. Naamini kuna ukweli ndani yake. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana wakidai damu imwagike zaidi, na hatia hiyo si ya mtu mmoja. Lakini ukilikubali jibu hilo umekubali pia kwamba katika siku zile hakuwa kiongozi wa mapinduzi. Alikuwa abiria. Mtu anayeua ili wafuasi wake wasiue zaidi hashiki usukani.

Nigeria ilikasirika, ikasimamisha mafuta kwa Ghana. Na bei je? Hapa twende Makola, maana ndipo wazo zima la kusafisha nchi kwa bunduki lilipopimwa.

Makola Namba Moja lilikuwa soko kuu la Accra, na kama yalivyo masoko mengi ya pwani ile, lilikuwa mali ya akina mama. Mama mmoja alikuwa na kizimba cha vitambaa alichorithi kwa mama yake, mwingine aliuza sabuni na maziwa ya kopo, mwingine sahani za bati. Askari walipofika waliamuru bidhaa ziuzwe kwa bei ya serikali, bei ambayo mchuuzi mwenyewe hakuipata aliponunua. Foleni ziliundwa, bidhaa zikaisha kwa siku chache, na hakuna aliyeleta nyingine. Wanawake walichapwa viboko hadharani, wengine wakiwa wamevuliwa nguo. Agosti 1979 soko lenyewe likavunjwa kwa baruti na matingatinga, na wapo waliokusanyika wakashangilia. Wale waliogawa vibali vya kuagiza bidhaa, waliounda uhaba wenyewe, hawakuwa na kizimba Makola. Aliyelipa ni aliyeonekana.

Msomaji wa Tanzania mwenye umri wa kutosha hana haja ya kwenda Accra kulielewa hili. Mwaka 1983, wakati wa vita dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, tuliona watu wakitupa sabuni na mafuta porini usiku kwa kuogopa kukutwa navyo. Nia ya Sokoine ilikuwa safi na hakuna aliyefungwa kwenye mlingoti. Hata hivyo maduka yalizidi kuwa matupu, kwa sababu ile ile: uhaba uliotokana na sera hauondoki kwa kumkamata mwenye gunia.

Tarehe 24 Septemba 1979 Rawlings alikabidhi serikali kwa rais aliyechaguliwa, Hilla Limann. Heshima hiyo ni yake na haipaswi kupunguzwa. Limann akamstaafisha jeshini. Angekufa wakati huo, angebaki malaika katika kumbukumbu za wengi.

Tarehe 31 Desemba 1981 alirudi kwa mapinduzi mengine. Mara hii alimwondoa rais aliyechaguliwa na watu, mtu ambaye hata wapinzani wake hawakumwita mwizi. Kosa lake lilikuwa udhaifu. Sababu za 1979 hazikuwepo tena. Alisema si mapinduzi ya kijeshi ya kawaida bali mapinduzi ya umma, na kamati za ulinzi zikaundwa vijijini na viwandani.

Miezi sita baadaye nchi ilijifunza maana ya mamlaka yasiyo na breki. Usiku wa tarehe 30 Juni 1982, wakati wa amri ya kutotoka nje, watu wenye silaha waliwachukua majumbani mwao majaji watatu wa Mahakama Kuu, Cecilia Koranteng-Addow, Frederick Poku Sarkodee na Kwadwo Agyei Agyepong, pamoja na meja mstaafu Sam Acquah. Jaji Koranteng-Addow alikuwa bado ananyonyesha. Miili yao iliyoungua ilikutwa katika uwanja wa mazoezi ya kijeshi wa Bundase. Majaji hao walikuwa wameamuru kuachiwa kwa watu waliofungwa na mahakama za siku 112. Rawlings alilaani mauaji hayo na kuruhusu uchunguzi, na Joachim Amartey Kwei, mjumbe wa baraza lake mwenyewe, alihukumiwa kifo na kupigwa risasi mwaka 1983 pamoja na washirika wake. Kwa vipimo vya tawala za kijeshi za wakati ule, hilo lilikuwa jambo kubwa. Ila swali la nani aliye juu zaidi alijua nini halijaacha kuulizwa Ghana hadi leo, na sioni kwa nini liache.

Mwezi mmoja baada ya mauaji ya Bundase, mfano wa Accra ulifika kwetu. Tarehe 1 Agosti 1982 askari wa jeshi la anga la Kenya wakiongozwa na Hezekiah Ochuka, mwenye cheo cha chini mno, waliteka redio ya taifa Nairobi. Marubani walioamriwa kwa mtutu kupiga mabomu mjini waliyadondosha msituni Mlima Kenya. Yote yaliisha kwa saa chache, lakini mamia walikufa, jeshi la anga zima likavunjwa na kuundwa upya kwa jina jingine, na Ochuka, aliyekimbilia Tanzania na kurudishwa, akanyongwa mwaka 1987. Utawala wa Moi ukawa mkali maradufu kwa miaka iliyofuata. Wanaosema tunamhitaji Rawlings wetu wakumbuke kwamba Kenya ilijaribu, na waliolipa ni raia wa Eastleigh na wanafunzi wa chuo kikuu waliojaza magereza.

Sasa nifike kwenye Rawlings asiyetajwa.

Mwaka 1983 Ghana ilifika mwisho wa kamba. Ukame ulikausha mashamba, moto ukateketeza misitu na kakao, na Januari Nigeria ilifukuza wageni, wakarudi Waghana wapatao milioni moja na mabegi yao vichwani katika nchi isiyo na chakula. Njaa ilikondesha watu hadi mifupa ya mabegani ikatokeza, na Waghana, wenye kipaji cha kutaja mambo, wakaiita mifupa hiyo mkufu wa Rawlings. Alilisikia jina hilo. Alikuwa amejaribu bei za amri, kamati, viboko na hotuba, na matokeo yalikuwa yanaonekana shingoni mwa wananchi wake.

Akabadilika. Aprili 1983, waziri wake wa fedha, Kwesi Botchwey, msomi wa mrengo wa kushoto, alitangaza mpango wa kufufua uchumi kwa ushirikiano na Shirika la Fedha la Kimataifa na Benki ya Dunia, taasisi ambazo wafuasi wa mapinduzi walizilaani mchana na usiku. Sedi, iliyokuwa imeshikiliwa kwenye 2.75 kwa dola, iliachwa ishuke hatua kwa hatua hadi 90 mwanzoni mwa 1986. Bei ya kakao kwa mkulima ikapandishwa. Biashara ya vibali ikafa, kwa sababu kibali hakikuwa tena na faida ya kuuzwa. Angalia vizuri: kalabule ilivunjwa na marekebisho ya sera yaliyoandikwa na wachumi kwenye madaftari, baada ya risasi za Teshie na baruti ya Makola kushindwa.

Sisemi mpango ule ulikuwa wa haki kwa wote. Wafanyakazi wa serikali walipunguzwa kwa maelfu, hospitali zikaanza kudai fedha mlangoni, na maskini wa mjini waliumia. Rafiki yake Thomas Sankara, aliyeshika madaraka nchi jirani ya Burkina Faso Agosti mwaka huohuo, alichukua njia nyingine, na vijana wetu humpenda zaidi kwa sababu hiyo na kwa sababu aliuawa mapema, mwaka 1987. Ila maduka ya Ghana yalipata bidhaa, na uchumi ulianza kukua mwaka 1984 ukaendelea kukua.

Kisiasa alichelewa zaidi. Kwa miaka watu walinyamaza kwa hofu, wapinzani wakafungwa au kukimbia. Mwaka 1988 mwanahistoria Albert Adu Boahen alisimama jukwaani Accra akausema waziwazi ukimya huo, na kuanzia hapo shinikizo halikupoa. Mabaraza ya wilaya yalichaguliwa mwaka 1988 na 1989. Tarehe 28 Aprili 1992 wananchi waliipitisha katiba kwa zaidi ya asilimia 90. Septemba mwaka huo Rawlings alivua sare, na Novemba akashinda urais kwa asilimia 58 dhidi ya Adu Boahen huyohuyo, katika uchaguzi ambao upinzani uliulalamikia vikali na kususia ule wa bunge uliofuata.

Alivua sare akiwa na cheo kilekile cha Luteni wa Anga. Katika bara ambalo Idi Amin alijiita Field Marshal, Mobutu akajifanya Marshal, na sajenti Samuel Doe wa Liberia akajipandisha hadi jenerali, huyu alitawala majenerali kwa miaka zaidi ya 10 bila kujiongezea hata mstari mmoja begani. Nampa sifa kamili kwa hilo. Rubani hupandishwa cheo na waliompima, na yeye hakuona kwamba kuiteka Ikulu kulimpima kama rubani. Vijana wanaotafuta cha kuiga kwake waanze hapo.

Kipimo kikubwa kilikuja Mei 1995. Serikali ilikuwa imeleta kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 17.5, bei zikaruka, na makumi ya maelfu wakaandamana Accra kwa jina la Kume Preko. Watu kadhaa waliuawa, na damu hiyo nayo imo katika hesabu yake. Kodi ikaondolewa. Mtu aliyevunja Makola kwa baruti alirudi nyuma mbele ya waandamanaji, kwa sababu safari hii palikuwa na bunge, magazeti na mahakama, na uchaguzi ulikuwa mwaka mmoja mbele. Wakenya waliokuwa barabarani Juni 2024, wakaona muswada wa fedha ukiondolewa, wanaijua nguvu hiyo na wanaijua gharama yake. Hakuna kapteni aliyewasaidia.

Desemba 2000 mgombea wa chama chake, John Atta Mills, alishindwa na John Kufuor. Tarehe 7 Januari 2001 Rawlings alikabidhi madaraka na kwenda nyumbani. Hakubadilisha katiba kujiongezea muhula wa tatu, ingawa alikuwa na miaka 53 tu na jeshi lilimpenda.

Ustaafu wake haukuwa mtulivu. Aliwasema marais wote waliomfuata, hata wa chama chake. Mwaka 2016 alikiri kwamba aliwahi kupokea dola milioni 2 kutoka kwa Jenerali Sani Abacha wa Nigeria, na kwa mtu aliyewaua wengine kwa tuhuma za kujinufaisha, ungamo hilo linakaa vibaya sana. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimteua mwakilishi wake kwa Somalia, akawa anazunguka kuwaombea vifaa na mishahara wanajeshi wa Uganda na Burundi waliokuwa Mogadishu. Mmoja wa watoto wake alimwita Kimathi, jina ambalo msomaji wa Nyeri hahitaji kuelezwa. Alifariki katika hospitali ya Korle Bu tarehe 12 Novemba 2020, wiki chache baada ya mama yake, akazikwa makaburi ya jeshi, Burma Camp.

Sasa turudi kwa wanaozungusha picha yake. Ghana haikupata utulivu kwa sababu afisa kijana aliichukua. Nchi nyingi zimechukuliwa na maafisa vijana, na nyingi hazikupata kitu. Ghana ilikuwa na majaji walioamua kesi kwa sheria wakijua hatari, na wasomi waliosema wakati kusema kulikuwa hatari. Ilikuwa na makanisa, chama cha wanasheria na vyama vya wafanyakazi vilivyokataa kufa. Hao walimsukuma Rawlings, naye, tofauti na wengi, alisukumika. Burkina Faso iliongeza muda wa utawala wa kijeshi kwa miaka mitano mnamo Mei 2024. Swali la kumuuliza Traoré si kama anafanana na Rawlings wa 1979. Ni nani ndani ya nchi yake ameachwa huru wa kumsukuma.

Na kuna deni ambalo Ghana yenyewe haijalilipa. Mwaka 2001 serikali mpya iliruhusu miili ya waliouawa Teshie ifukuliwe na kukabidhiwa familia zao. Tume ya maridhiano iliwasikiliza wajane na watoto, na Februari 2004 Rawlings alifika mbele yake kwa muda mfupi, akajibu machache na kuondoka. Lakini ndani ya katiba ya 1992, ile ile aliyoiachia nchi na inayosifiwa kote barani, kuna kifungu cha 34 cha masharti ya mpito. Kinazikataza mahakama kuhoji lolote lililofanywa na mabaraza ya kijeshi yaliyotawala, na bunge halina uwezo wa kukibadilisha. Binti yake, Zanetor, ni mbunge tangu mwaka 2017 chini ya katiba hiyo. Watoto wa Afrifa na wa Boakye nao ni raia chini ya katiba hiyohiyo, na hakuna jaji Ghana anayeruhusiwa kusikiliza kesi yao.